Marashi ya Bwana Ndani ya Samli

Mjukuu wangu ana chupa ya marashi anayoitunza kuliko anavyotunza masomo yake. Juzi alitoka kuoga, akajipulizia shingoni, akaja kunisogelea barazani. "Nusa, Bibi," akasema. "Hii ikikushika inakaa mpaka kesho." Nikanusa. Nikamwambia atoke, aende kokote anakotaka, asirudi mpaka upepo umempitia vya kutosha. Kijana wa watu akabaki ameduwaa, kisha akaenda kumwambia mama yake kwamba Bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Marashi yake yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililonitisha.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wa rika langu, mliozaliwa Mdachi, yule Mjerumani, angali na bendera yake, maana hawa vijana wakisikia habari za wakati ule wanadhani ni ngano za sungura na fisi. Ninyi mnakumbuka tembe ilivyokuwa. Ya kwetu ilikuwa juu ya mwinuko upande wa Msalato, ndefu, dari yake ya udongo, na ndani hakukuwa na dirisha hata la kupitisha kidole. Mtoto wa tembe hujifunza watu kwa pua kabla hajawajua kwa macho. Mtu akiinama mlangoni, kabla hajasema neno, tayari unajua ni nani na ametoka wapi.

Wanaume wa kwetu walijipaka samli. Sisemi hii ya kopo. Nasema samli ya nyumbani iliyokaa kibuyuni mpaka ikapata ukali wake, ikachanganywa na udongo mwekundu na unga wa msandali wa porini. Siku ya kwanza ilinuka maziwa, na wasichana walicheka. Siku ya pili maziwa yalijificha, msandali ukajitokeza polepole, mtamu na mkavu. Siku ya tatu, jua na moshi na jasho vikishaingia, mtu alinuka yeye mwenyewe, hakuna mwingine, na hapo wasichana waliacha kucheka wakaanza kutazama. Baba mdogo Malogo alikuwa na tumbaku ndani yake. Baba alikuwa na moshi wa zizini, na msandali wake ulikaa kuliko wa wanaume wote niliowajua. Nilikuwa nalala nikiwa nimebana pua yangu mkononi mwake, na sikuwahi kuogopa giza.

Baba alikuwa boi wa Mzungu mmoja wa reli pale Dodoma. Huyo Mzungu jina lake halikutamkika midomoni mwetu, basi sisi tulisema Bwana, ikatosha. Kila Baba aliporudi nyumbani kupumzika, tulimzunguka atuoneshe jinsi Bwana anavyonyoa ndevu. Baba angekaa kwenye kigoda, akavuta shavu, akapitisha kijiti kama wembe, kisha akamimina maji ya kuwaza tu kiganjani na kujipiga mashavu yote mawili kama mtu anayejiadhibu. Tulicheka mpaka Bibi yetu, mama yake Baba, akatutupia kuni.

"Ni maji ya kunukia," Baba alisema. "Asubuhi akijipiga, nyumba nzima inaamka. Jua likifika utosini yameruka, anadai chupa tena. Ngozi yao kavu ile, haishiki kitu."

Wengine walisikia habari ya ngozi. Mimi nilisikia habari nyingine kabisa. Nilikuwa najiuliza siku zote kwa nini mtu mmoja mwekundu, asiye na ng'ombe hata mmoja, anasema neno na watu wazima wanakimbia. Sasa nikajua. Nguvu zake zilikuwa chupani, na kila adhuhuri zilimwisha, ikabidi azijaze tena.

Kisha vita vya Wazungu vikaanza. Bwana akaitwa kwenda kupigana. Alipokuwa akifunga masanduku yake aliikuta chupa moja iliyobaki nusu, akamtia Baba mkononi, akasema chukua, akapanda gari moshi. Baba akaja nayo nyumbani ameifunga kwenye nguo. Ilikuwa ya kioo kinene, na Baba alipoizibua, harufu yake ilikuwa kitu ambacho sikuwa na mahali pa kukiweka. Leo najua ni ndimu na maua ya mchungwa. Wakati ule ndimu sikuwahi kuiona. Nilihisi ukali wa ukwaju, halafu ubaridi wa jani lililovunjwa asubuhi, halafu kitu cheupe kilichonipanda kichwani.

Mama hakuinusa. Aliuliza, "Amekupa mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu," Baba akajibu huku akicheka.

"Mungu haitwi bomani kutoa ushahidi," Mama akasema, akarudi kwenye jiwe lake la kusagia uwele.

Mnajua yaliyofuata, maana kwenu pia yalifika. Askari walianza kupita vijijini kukamata wanaume wa kubeba mizigo ya vita, na ng'ombe wa kulisha jeshi. Wanaume waliondoka wamefungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Hakurudi hata mmoja kutuambia mizigo ile ilikuwa inakwenda wapi. Ng'ombe ndio hata usiseme.

Siku walipofika kwetu, Baba alikuwa amejipaka yale maji asubuhi kwa mzaha tu, ili kumchekesha Baba mdogo. Alikuwa na samli mwilini tangu juzi yake, basi akajipiga mashavu na shingo juu ya samli hiyo hiyo. Ombasha, mkubwa wa askari wale, aliingia uani na tarbushi yake na kiboko chake, akamshika Baba bega, akamvuta karibu. Nilimwona akisimama ghafla. Pua yake ikafanya kazi. Akaliachia lile bega.

"Wewe wa nani?"

Baba peke yake ndiye aliyejua Kiswahili kizuri pale kwetu. "Wa Bwana wa reli," akasema.

Ombasha akanyoosha mgongo, akatazama mlangoni mwa tembe kama mtu anayeogopa kwamba Bwana mwenyewe anaweza kutoka. Kisha akawaita askari wake, wakaenda boma la jirani. Huko walichukua wanaume wote watatu na madume yote. Kwetu hawakugusa hata ndama.

Mimi nilicheza uani kwa furaha. Nguvu za chupa nimeziona kwa macho yangu. Na msinicheke mimi mtoto, maana wakubwa nao waliona kile kile nilichokiona.

Baba mdogo Malogo ndiye alikuwa wa kwanza. Alikuja kabla ya magharibi, akakaa, akazungumzia mvua isiyokuja, mwisho akasema, "Kaka, nipake na mimi."

"Hii si dawa, Malogo. Ni maji ya kunawia uso."

"Basi ninawishe uso."

Baba alimtazama sana. Alijua si dawa, nalisema hilo waziwazi kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba alijifanya mganga. Lakini mtu na mdogo wake, na kamba za askari mmeziona, utamnyima? Akampaka. Kesho yake wakaja majirani. Wiki ikaendelea wakaja watu wa mabonde ya mbali, wengine na mbuzi ambao Baba aliwarudisha nao. Walikaa nje ya ua wetu wakingoja, kimya, kama watu waliokuja msibani. Maji ya chupa yakaanza kupungua, ndipo Baba akafanya jambo ambalo kila mwanamume wa kwetu angelifanya. Akachukua kibuyu kikubwa cha samli, akamimina yote yaliyobaki, akakoroga, akakifunga mdomo, akakiacha kivulini.

Hapo ndipo tulipojua samli ni nini. Yale maji ambayo juu ya shavu la Bwana yaliruka kabla ya chakula cha mchana, ndani ya samli yalikaa. Siku ya kwanza ukali wa ukwaju ulipungua kidogo, basi. Siku ya pili kile cheupe kikashuka kikaingia ngozini. Siku ya tatu mwanamume akiota jua, harufu ilipanda upya kama ndiyo kwanza amepakwa. Baba mdogo alikuwa akipita njiani, na nikitoka baada ya muda mrefu bado nilimkuta pale njiani ingawa mwenyewe amekwisha kufika kondeni. Wanaume walifurahi mno. Walisema Mzungu hajui kuvaa kitu chake mwenyewe, imebidi Wagogo wamfundishe.

Bibi hakufurahi. Aliacha kula nasi, akawa anakula peke yake upande wa zizi. Nilipomuuliza akasema hawezi tena kumjua mtu anapoingia mlangoni. "Wote wananuka mtu mmoja," akasema. "Na mtu huyo simjui. Harufu ya mtu ni ya mtu, mjukuu wangu. Ukijivika ya mwenzio, yakimfika yeye yamekufika na wewe."

Ilikuwa kweli. Usiku Baba alipolala, nilitafuta mkono wake nikaukuta, nikanusa, nikageukia ukutani. Ngozi za kulalia zilinuka Bwana. Vigoda vilinuka Bwana. Ndama mmoja aliyelala karibu na kibuyu alikataliwa asubuhi na mama yake, ambaye alimpiga teke kila alipotaka kunyonya, mpaka tukamsugua kwa kinyesi cha mama yake ndipo akampokea. Mbwa waliwabwekea wanaume wa nyumbani. Nami bado niliona fahari. Nilidhani mama wa ndama ameogopa nguvu.

Kisha akaja mwanamke mmoja wa Msalato, jamaa yake Mama, anahema. Hakumaliza hata salamu. "Mbukwenyi," akasema, na palepale, "Mna habari? Kuna Mzungu ameuawa porini, njia ya Kondoa. Wapagazi wake wametoroka na mizigo. Ndani yake kulikuwa na sanduku la marashi, na askari wameambiwa wafuate pua. Wanapita wakinusa watu shingo." Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anarudi nyuma, hatua moja, hatua nyingine, kwa sababu Baba alikuwa amesimama karibu naye na alikuwa amemsikia kwa pua.

Baba alikaa chini. Sijawahi kumwona mtu akikaa chini namna ile. Mama hakumlaumu. Alichukua mtungi akakimbilia korongoni.

Siku nzima wanaume walioga. Wanawake walifukua visima mchangani, maji yakatoka matone kwa matone, na hayo tuliyokuwa tukiyanyima ng'ombe yakamwagwa migongoni. Walijisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa majani ya mwarobaini wa porini machungu kuliko nyongo. Lakini nyote mnajua samli na maji havipatani. Rangi nyekundu ilitoka. Maziwa yalitoka. Hata msandali ulitoka. Kile cheupe kilibaki, tena kikawa safi zaidi, maana sasa hakikuwa na cha kukifunika. La kuvunda halina ubani, husema wenye lugha yao. Kwetu siku ile ubani ndio ulikataa kuvunda. Mama alimsugua Baba mgongo mpaka damu ikatoka, akanusa, akaendelea kusugua.

Mimi nililia kwa uchungu wa kuona nguvu zetu zinamwagwa mchangani.

"Tukimbilie porini," Baba mdogo alisema.

"Tukikimbia tumekiri," Baba akajibu. "Watachoma tembe zote na kuwachukua hawa," akatuonyesha kwa kidevu sisi na mama zetu. "Tutawaeleza. Kiswahili ninacho."

Walikuja asubuhi, jua halijapata ukali. Ombasha huyu hakuwa yule wa kwanza, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Aliwapanga wanaume wa mwinuko wote kando ya zizi letu, akaweka bunduki kila upande, akaanza kupita mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza kitu. Alisogeza uso kwenye shingo, akafumba macho, akavuta pumzi, akasogea kwa mwingine. Alifika kwa mzee mmoja aliyekataa kupakwa kwa sababu ya ubishi wake tu, akamtoa mstarini. Wengine wote akawaacha pale pale. Alipofika kwa Baba alivuta pumzi mara mbili.

Walichosema hapo kilikuwa Kiswahili, na sisi tusiojua tuliona midomo tu. Maneno yenyewe tuliletewa na mpagazi mmoja Mrangi aliyebeba mizigo ya msafara ule. Alipita kwetu miezi mingi baadaye akirudi kwao Kondoa, akasimama mlangoni, akakataa kukaa, akamwambia Mama yote kisha akaenda zake. Nami nawaandikia kama alivyosema.

Baba alianza na ukweli. Alisema chupa alipewa na Bwana wake wa reli, na hawa wengine aliwapaka yeye, hawajui lolote.

"Bwana wako yuko wapi?"

"Amekwenda vitani."

"Basi atakaporudi," ombasha akasema kwa ile sauti yake ya upole, "atawakuta nyote mnaning'inia, atatuambia kama mlisema kweli. Watu wote hawa wanamnuka marehemu. Mimi nimetumwa nirudi na wauaji, sikutumwa nirudi na hadithi."

Mrangi alisema Baba aligeuka akautazama ule mstari. Malogo alikuwa wa pili kutoka kwake. Kisha akasema, "Niliiba mimi. Hawa niliwadanganya kwamba ni dawa ya kukwepa kamba, wakanipa mbuzi. Nipeleke mimi."

"Na Mzungu?"

"Mimi," akasema.

"Peke yako? Mtu mwenye wapagazi na bunduki?"

"Alikuwa amelala."

Ombasha lazima alijua. Mtu aliyekuwa na pua ile hakuwa mjinga. Lakini alikuwa na jibu la kupeleka bomani, na jua lilikuwa linapanda. Aliwapa ishara askari, wakamtoa Baba mstarini, wakateremsha bunduki zilizokuwa zimewaelekea wengine.

Mimi niliyaona haya yote nikiwa nimeshika nguo ya Mama, na katika maneno yote yale nililijua moja tu, Bwana. Baba amelisema neno la Bwana, na bunduki zimeshuka. Kama mara ile ya kwanza! Wanaume wetu wote wamesimama salama, hakuna kamba shingoni mwao, na Baba anachukuliwa kwa heshima, mbele ya wengine, peke yake, kurudishwa kwa Bwana wake. Sikuelewa kwa nini Mama ananiminya bega namna ile. Sikuelewa kwa nini Bibi ameketi mavumbini na kujifunika nguo usoni.

Ndipo Baba akasema nasi kwa Kigogo, kwa sauti ya kila siku. Kwanza aliwaambia wanaume, "Nakwenda kueleza. Ninyi nyamazeni. Mtu asifungue kinywa chake mpaka wamevuka korongo." Baba mdogo alifungua chake, na Baba akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia tena, na kile kinywa kikafungwa.

Kisha akanitazama mimi. Aliiona furaha yangu. Niliiona ikimfika, usoni mwake kukawa na jambo ambalo mpaka leo natafuta jina lake, halafu akatabasamu. Walikuwa wamemfunga mikono kwa mbele, na aliiinua yote miwili pamoja.

"Mbona kimya?" akasema. "Mtu akienda kwa bwana wake kwetu hasindikizwi? Mwanangu, na wewe umesahau?"

Mama akaliachia bega langu.

Nilikimbia mpaka mwisho wa ua, pale njia inapoanza kuteremka. Nilikuwa nimejifunza vigelegele mwaka ule ule, vyembamba, havikolei, na nilitamani wanawake wanisaidie, lakini nyuma yangu hakuna aliyeitikia. Wanaume walikuwa wamesimama vilevile kando ya zizi, vichwa chini. Baba alikwenda akiinua mikono yake kila nilipopiga, ili nijue kwamba anasikia. Nilipiga mpaka wakafika korongoni, nikapiga wakati wanavuka, nikapiga mpaka vumbi lao likatulia ng'ambo. Kisha nikageuka kwa Mama kumuuliza kama nimepiga vizuri.